Icon of the Seas: nauli inalipia mlo upi na burudani ipi, na wapi mtatoa pesa tena

Swali: Mimi na mume wangu, watoto wetu wawili wenye umri wa miaka 5 na 14, pamoja na mama mkwe wangu, tumekata tiketi ya usiku saba ndani ya meli ya kitalii ya Icon of the Seas kutoka Miami. Wakala anatuhimiza tununue kifurushi cha migahawa maalumu na kifurushi cha vinywaji mapema, kwa maelezo kwamba bei zitapanda. Je, nauli tuliyolipa haitoshi kula na kuburudika? Na maonyesho je, yanalipiwa kando?

Jibu: Ndugu msomaji, nauli mliyolipa inatosha. Mnaweza kula asubuhi, mchana na jioni kwa siku zote saba, mkaona maonyesho yote makubwa, na mkashuka Miami bila kununua hata kifurushi kimoja. Kitu cha kugombaniwa ndani ya meli hii ni saa, kwa maana ya saa ya kuketi mezani na saa ya kuketi ukumbini. Familia nyingi ninazozishauri huja zimekwisha kutoa fedha kwa ajili ya vyakula ambavyo baadaye hazipati nafasi ya kuvila, kwa sababu chakula cha jioni kimegongana na onyesho lililokuwa likisubiriwa na mtoto tangu nyumbani. Kwa hiyo nitakujibu kwa kuanza na kilichomo ndani ya nauli, kisha niingie kwenye hesabu ya vifurushi, halafu nirudi kwenye suala la saa.

Kwanza uone ukubwa wa jambo lenyewe. Icon of the Seas ilijengwa na kiwanda cha Meyer Turku nchini Ufini, ikakabidhiwa kwa kampuni ya Royal Caribbean mwishoni mwa mwaka 2023, na ikaanza kubeba abiria kutoka Miami tarehe 27 Januari 2024. Ina urefu wa mita 365, sitaha 20, na ukubwa wa tani 248,663 za ujazo, yaani zaidi ya mara tano ya Titanic. Abiria wakihesabiwa wawili kwa kila chumba wanafika 5,610, na pale vitanda vya ziada vinapojaa watoto wakati wa likizo za shule, meli inaweza kubeba hadi watu 7,600, mbali na wafanyakazi 2,350. Waliobuni meli hii waliigawa katika mitaa minane ili watu wasirundikane mahali pamoja, na karibu kila mtaa una pa kula na pa kutazama kitu. Mpango huo unasaidia, lakini haufuti ukweli kwamba hakuna ukumbi hata mmoja unaoweza kuwapokea abiria wote kwa mkupuo mmoja.

Chakula kilichomo ndani ya nauli ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Upo ukumbi mkuu wa chakula, wenye ghorofa tatu, ambako mnahudumiwa mezani na orodha ya vyakula hubadilika kila usiku. Upo Windjammer, mgahawa mkubwa wa kujihudumia, wenye masinki ya kunawia mikono mlangoni. Msiyapite, kwa kuwa maradhi ya tumbo husambaa upesi katika mahali penye maelfu ya watu wanaoshika koleo zilezile. Kwa watoto wadogo upo Surfside Eatery, nao ni wa kujihudumia, hatua chache kutoka kwenye mabwawa yao, hivyo mzazi halazimiki kumkausha mtoto na kumvalisha ili tu apate kula. Sorrento's hutoa piza, El Loco Fresh hutoa vyakula vya Kimeksiko, Park Cafe hutoa saladi na mikate iliyojazwa nyama, na Pearl Cafe hutoa kahawa na vitafunio. Hapo kote hamlipi chochote cha ziada.

Mahali ambapo ningewashauri msipapite ni AquaDome Market, kwa sababu wengi hupaona kama njia tu ya kuendea kwenye onyesho. Ni mkusanyiko wa vibanda vitano vya chakula ndani ya kuba la kioo lililoko omo, yaani mbele ya meli, na vyote vimo ndani ya nauli: kuna kibanda cha makaroni ya jibini, cha vyakula vya Kiasia, cha vyakula vya pwani ya Mediterania, cha saladi na mikate, na cha chapati za maji za Kifaransa. Simama mbele ya hicho cha mwisho utazame kazi. Mpishi anamwaga upawa mmoja wa uji wa unga juu ya kikaango bapa cha duara, anauzungusha kwa kijiti chenye umbo la herufi T mpaka unatanda kama karatasi, anaugeuza kwa mwiko mrefu, kisha anaujaza kitu kitamu au cha chumvi kadiri ulivyoagiza na kuukunja. Kwa kuwa kila chapati hupikwa mtu anapoiomba, foleni hapo husogea polepole. Nendeni mara tu kibanda kinapofunguliwa, au subirini watu waingie kwenye onyesho.

Katika ukumbi mkuu mtatakiwa kuchagua mfumo mmoja kati ya miwili. Wa kwanza ni wa zamu, ya mapema au ya baadaye, ambapo mnakula saa ileile, meza ileile, mkihudumiwa na watu walewale kila jioni. Wa pili unawaruhusu kuweka saa tofauti kila siku au kufika bila miadi na kusubiri meza. Vijana husifu mfumo wa pili kwa uhuru wake. Kwa familia yenu, yenye mtoto wa miaka 5 na mama mtu mzima, ningechagua zamu ya mapema bila kusita. Kufikia usiku wa tatu mhudumu atakuwa amekwisha kujua kwamba mama hali pilipili na kwamba mtoto huletewa chakula chake mwanzo, naye atakiweka mezani kabla hamjafungua orodha. Pia, mtakapotoka hapo, sehemu kubwa ya jioni itakuwa bado ipo. Mkiisoma orodha mtakuta vyakula vichache vyenye bei pembeni, kama steki za daraja la juu. Hivyo vinalipiwa, na vinavyobaki vyote vimo ndani ya nauli.

Sasa tuje kwenye migahawa maalumu, ile inayolipiwa. Chops Grille ni ya steki, Giovanni's ni ya Kiitaliano, Hooked ni ya samaki na viumbe vya baharini, na Izumi ni ya Kijapani. Ya gharama kubwa zaidi ni Empire Supper Club, chumba kidogo chenye mlo wa hatua nane, kila hatua na kinywaji chake, huku wanamuziki wa jazi wakipiga kwa mtindo wa New York ya miaka ya 1930. Hicho ni chumba cha watu wazima wanaoadhimisha jambo. Mtoto wa miaka 5 hatavumilia hatua nane, na wala kifurushi cha migahawa hakikihusu.

Bei ya mlo mmoja wa jioni hubadilika kutoka safari moja hadi nyingine, kwa hiyo tuchukue dola 70 kwa mtu kama mfano tu. Mtoto wa chini ya miaka 6 hula bure, na wa miaka 6 hadi 12 hulipa kiasi kidogo maalumu, lakini kijana wenu wa miaka 14 anahesabiwa kama mtu mzima. Hivyo watu wanne wanalipa dola 280, na juu yake huongezwa asilimia 18 ya bakshishi, ambayo ni dola 50.40. Jioni moja imewagharimu dola 330.40, wakati ghorofa nyingine wenzenu wamekula mlo mzuri kwa nauli ileile mliyoilipa ninyi. Chakula cha Chops ni bora kuliko cha ukumbi mkuu, hilo silipingi; steki inapikwa kwa ajili yako peke yako, haitoki kwenye jiko linalolisha maelfu kwa wakati mmoja. Lakini tofauti hiyo mtaionja vizuri mkienda mara moja, na mkienda mara tano mtakuwa mmeizoea.

Kifurushi cha migahawa bila kikomo huleta faida kwa wanandoa wanaokula nje ya ukumbi mkuu karibu kila usiku, na pia mchana wa siku za baharini. Chukueni bei ya kifurushi, muigawe kwa bei ya mlo mmoja, mtaona idadi ya milo inayotakiwa ili fedha zirudi. Kisha jiulizeni kama kweli mtaketi mezani kwa muda wa saa mbili kila jioni mkiwa na mtoto huyo. Msisahau pia kwamba siku ambayo meli inatia nanga Perfect Day at CocoCay, kisiwa cha kampuni huko Bahamas, mtakula mchana kisiwani, na chakula cha vibanda vyake vikuu kimo ndani ya nauli. Kwa maoni yangu, nunueni mlo mmoja wa mchana wa Chops katika siku ya baharini, ninyi wawili tu, wakati watoto wako kwenye vilabu vyao na mama amepumzika. Bei ya mchana huwa chini sana kuliko ya jioni, na hamtakosa onyesho lolote.

Kuhusu maneno ya wakala, ana haki kwa kiasi fulani, kwani vitu vingi huuzwa ghali zaidi mkishapanda kuliko mkinunua mapema mtandaoni. Ila bei za mtandaoni hazipandi tu, hushuka pia, na ununuzi wa mapema unaweza kufutwa kabla ya safari na kurudishiwa fedha zote. Kwa sababu hiyo ukiona bei nzuri leo, nunua. Ukiona imeshuka mwezi ujao, futa ununue upya.

Kifurushi cha vinywaji kinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kina sharti ambalo wakala wako huenda hakulitaja: mtu mzima mmoja akinunua kifurushi chenye vileo, kila mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi anayelala chumba hichohicho anatakiwa kununua pia. Kama mumeo anakunywa na wewe hunywi, mtalipa viwili. Na kama mama mkwe wako atapangwa chumba kimoja nanyi, mtalipa vitatu. Kwa familia ya watu watano mara nyingi huwa ni vyumba viwili, basi hakikisheni majina yamegawanywa kwa busara kabla ya kununua chochote. Mama akiandikwa pamoja na kijana wa miaka 14, sharti hilo halimgusi.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kifurushi ni dola 90 kwa siku. Ukiongeza asilimia 18 kinafika dola 106.20, na kwa siku saba ni dola 743.40 kwa mtu mmoja. Kokteli ya dola 14 ikiongezwa asilimia hiyohiyo inakuwa dola 16.52. Maana yake ni kwamba mtu anatakiwa kunywa zaidi ya kokteli sita kila siku, zikiwemo siku za kushuka bandarini ambazo hatakuwepo melini hadi jioni, ndipo arudishe fedha yake. Wapo wanaoweza, hasa wakihesabu pia soda, kahawa za mashine na maji ya chupa, ambavyo vimo ndani ya kifurushi hicho. Kwa anayekunywa glasi mbili za mvinyo wakati wa chakula, kulipa glasi kwa glasi ni nafuu kabisa. Kila mtu mzima anaruhusiwa pia kupanda na chupa moja ya mvinyo siku ya kwanza. Maji ya kawaida, chai, kahawa ya kawaida, limau na juisi ya asubuhi hamvilipii, na kijana akitaka soda kila saa, kipo kifurushi cha soda peke yake, ambacho ni rahisi zaidi.

Zingatieni gharama moja ambayo hutozwa yenyewe bila ninyi kuichagua kama hizo nyingine, nayo ni bakshishi ya kila siku. Tuchukue dola 18.50 kwa mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida kama mfano tu, nayo hutozwa kwa kila abiria bila kujali umri. Kwa watu watano kwa siku saba hiyo ni dola 647.50. Iwekeni kwenye bajeti kabla hamjaanza kufikiria steki.

Maonyesho, kwa swali lako la mwisho, hayalipiwi. Ukumbi mkubwa, Royal Theater, una mchezo wa The Wizard of Oz wenye waimbaji, wachezaji na okestra inayopiga pale pale. Ni mrefu kuliko maonyesho ya kawaida ya melini, kwa hiyo mtoto ale kabla. Absolute Zero ni uwanja wa barafu ambao watazamaji wanauzunguka, na wanaoteleza hupita karibu kiasi kwamba mtu wa safu ya mbele husikia chuma kikikwaruza barafu. Ukumbi wa tatu ndio unaozungumzwa sana, nao ni AquaTheater, wenye bwawa la wapiga mbizi.

Hapa kuna historia fupi inayofaa kujulikana, kwa sababu inagusa namna ya kupanga usiku wenu. Katika meli za zamani za kundi la Oasis, bwawa la wapiga mbizi liko tezi, yaani nyuma ya meli, wazi angani, na upepo ukizidi onyesho hufutwa, maana mtu anayeruka kutoka juu sana hawezi kukisia mahali pa kuangukia iwapo upepo unamsukuma. Katika Icon walilihamishia omo na kulifunika kwa kuba la chuma na kioo, lenye uzito wa tani 363, lililonyanyuliwa na kuwekwa zima juu ya meli. Upepo umeondoka kwenye hesabu, lakini mawimbi yamebaki. Meli inaponesa, katikati yake hutulia na ncha zake ndizo zinazopanda na kushuka, na omo ni mojawapo ya ncha hizo. Maji ya bwawa huanza kuyumba, na hapo waandaaji wanaweza kupunguza michezo ya hatari au kuahirisha onyesho zima. Katika safari moja, ndani ya meli ya kampuni nisiyoitaja, niliweka nafasi ya onyesho la kupiga mbizi usiku wa mwisho kwa kuwa niliona ndio usiku usio na shughuli. Bahari ilichafuka jioni hiyo, onyesho likafutwa, na usiku mwingine wa kujaribu haukuwepo. Tangu hapo huwaambia watu waweke AquaTheater mwanzoni mwa safari, ili likifutwa wapate nafasi nyingine, na waweke mchezo wa jukwaani mwishoni.

Nafasi za maonyesho huwekwa bure kupitia programu ya simu ya kampuni, na mara nyingi hufunguliwa kabla ya siku ya kupanda. Nafasi zikifunguliwa, wekeni mara moja, mkianza na AquaTheater, kisha barafu, kisha Royal Theater, na mkitazama zamu yenu ya chakula ili kati ya kukaa mezani na pazia kufunguliwa kuwe na saa mbili. Mkiwa baharini programu hiyo hufanya kazi kwa mtandao wa meli bila kununua intaneti. Mkikuta zimejaa, msivunjike moyo: fikeni mlangoni mapema mkae kwenye foleni ya wasio na nafasi, kwani viti vya waliochelewa hutolewa kwa wengine takriban dakika 10 kabla ya kuanza. Watu wengi huweka nafasi na kisha hulala. Jambo hilohilo linawahusu ninyi pia. Mwenye nafasi anayefika dakika 5 kabla anaweza kukuta amekwisha kuhesabiwa kuwa hayupo. Jihadharini pia mnaposoma maelezo ya wasafiri wengine, kwa sababu meli dada, Star of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2025 kutoka Port Canaveral, inafanana na yenu karibu katika kila kitu, lakini mchezo wake wa jukwaani ni Back to the Future.

Burudani ya mchana haihitaji maelezo marefu. Mabwawa saba, mitelezo sita ya maji ya Category 6, ukuta wa kukwea, FlowRider ya kuteleza juu ya mawimbi ya kutengenezwa, na gofu ndogo vyote vimo ndani ya nauli. Kinacholipiwa ni Crown's Edge, njia ya kupita ukiwa umefungwa kamba juu ya bahari, pamoja na mashine za michezo na, bila shaka, kasino. Mitelezo ina vipimo vya urefu, na mtoto wa miaka 5 ajiandae kuambiwa hapana kwenye baadhi yake. Mabwawa ya Surfside ndiyo yake. Klabu ya watoto, Adventure Ocean, hailipiwi hadi saa nne usiku, na baada ya hapo hutozwa kwa saa. Kijana wa miaka 14 ana ukumbi wake wa vijana wa miaka 13 hadi 17, nami nashauri mpelekeni usiku wa kwanza, kwani urafiki wa rika hilo hufungwa mapema, na anayeingia siku ya nne hukuta makundi yamekwisha kuundwa.

Amebaki mama mkwe wako. Kwake yeye ningepanga Central Park, bustani yenye mimea hai iliyo wazi juu, katikati ya meli, ambako makelele ya mabwawa hayafiki na ambako pia meli hainesi sana kama kwingine. Anaweza kula mchana Park Cafe bila kulipa, na jioni akasikiliza jazi Lou's, hapo hapo bustanini, au kinanda katika Schooner Bar, bila kuweka nafasi na bila kulazimika kuagiza kileo. Kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu atakayopenda kurudi, mwombeni wakala, kabla vyumba havijapangwa, ampatie chumba kilicho karibu na lifti za katikati.